Uzito Sawasawa

Katumba, mwezi wa sita. Ukungu umeingia hadi sebuleni,
mama kajifunga kanga mbili, moja kichwani.
"Hii kompyuta imechoka," anasema. "Nikiigusa
inafikiri kwanza, kama mtu anayedaiwa."

Humo limo daftari la maziwa la kikundi:
nani kaleta lita ngapi, nani kakatwa, nani bado.
Zimo pia Picha za Baba.
Tangu Pasaka, kila Jumapili, anabofya mara mbili,
skrini inapepesa, halafu basi.
"Nikasema labda bado anatafuta koti lake."

Nachomoa modemu kwanza. Aliyemo
asipate wa kumpigia simu.
Kisha naingia kwenye mipangilio, naamuru
kila jina lioneshe mkia wake.

Daftari la Maziwa, nukta, e, x, e.
Mikopo ya Kikundi, nukta, e, x, e.
Harusi ya Gwakisa. Risiti za Pumba. Picha za Baba.
Sura ya folda, njano ile ile,
na nyuma mkia wa kitu kinachotembea.

Namweleza: folda ni kabati, haina miguu.
Huyu ni mtu kasimama mbele ya kabati, kavaa mbao.
Ukimgusa anaanza kazi, na kazi yenyewe si yako.
"Anakula nini?"
"Muda. Nafasi. Pengine na namba za siri."

Akavuta kigoda, akavaa miwani,
akashuka na kidole kwenye safu ya ukubwa
taratibu, kama anavyosoma kipima maziwa alfajiri:
mia nne kumi na mbili. Mia nne kumi na mbili.
Mia nne kumi na mbili.
"Wewe. Ng'ombe saba
hawajawahi kunipa lita sawasawa hata siku moja.
Hawa wote ni ndoo moja ya maji."

Nimesomea haya miaka mitatu, mjini Mbeya.
Safu ile sikuwa nimeitazama.

Kidole kikahamia kwenye tarehe,
na hapo nikatamani umeme ukatike.
Jumamosi ya Pasaka, saa mbili na dakika kumi usiku:
saa niliyochomeka flashi yangu aione harusi ya Gwakisa,
flashi iliyotoka stesheneri ya stendi, Tukuyu,
nilikochapisha barua ya kazi, mashine inayonyonywa na kila mtu
kama mrija mmoja kwenye chungu cha kilabuni.
Hakusema kitu. Alichukua kikombe changu cha chai
akakiweka mbali na kibodi.

Kwenye orodha ya wanaofanya kazi yupo mmoja
mwenye jina la kiofisi kabisa, ila penye o
kaweka sifuri.
Huyo nikamsimamisha kwanza. Ukichoma nguo
mshonaji yu macho, atashona nyingine.
Nikamfuta na kwenye daftari la kuwashia,
alikojiandikisha aamshwe kila asubuhi na mashine.
Kisha wale wa mbao, mmoja mmoja, hadi jina la mwisho.

"Hiyo iache."
"Mama, siyo yeye."
"Najua siyo yeye. Nimesema iache kidogo."

Mvua ikaanza kwenye bati. Tukaisikiliza
kama wageni waliokosa la kuzungumza.
Halafu akabonyeza mwenyewe, kwa kidole gumba,
kama anayetia dole kwenye fomu ya mkopo.

Nikaamuru vilivyofichwa vionekane.
Zikatoka folda zetu, zimepauka
kama shati lililofuliwa mpaka kola ikageuzwa.
Picha za Baba, bila mkia.
Yupo kwenye chai, gunia la plastiki mabegani,
nusu ya uso imekuliwa na kidole cha mpiga picha.
Kidole changu. Nilikuwa na miaka tisa.

Mama alikuwa bado kwenye safu ya ukubwa.
"Hapa kwake hawajaandika kitu."
"Folda haiandikwi uzito, mama."
"Eeh," akasema, akaacha kidole pale pale.